Mbega na Wageni wa Kidole Gumba

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama wagonjwa! Paukwa!

Pakawa!

Nilikwenda, nikarudi.

Umerudi na nini?

Nimerudi na Mbega, analia na sindano haijamgusa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi, Mbega alikuwa na vidole vitano kila mkono. Vitano, pamoja na kidole gumba! Msinicheke. Hesabuni vyenu kwanza, kisha nisikilizeni.

Mbega huyu aliishi juu ya mti mrefu. Ng'ambo yake ulisimama mkuyu uliojaa matunda. Katikati palikuwa na uwazi, na chini ya uwazi alikaa Chui. Kila siku Mbega alikimbia, akaruka, akashika tawi la mkuyu, kwapu! Na kila siku Chui alimeza mate tu.

Siku moja Chui alikwenda kunywa maji. Mbega akashuka, akachakura vumbini kwa mikono yote miwili akitafuta matunda yaliyodondoka. Mara kidole gumba kikaanza kumwasha. Akasikia kisauti chembamba: "Hodi!"

Na Mbega, mtu wa adabu, akajibu bila kuangalia: "Karibu!"

Lo! Alikuwa Funza! Akaingia, akakaa.

Chini ya ule mkuyu aliishi jirani, Bi Nungunungu, mtoa funza hodari. Sindano alikuwa nazo mgongo mzima.

"Jirani, lete mkono," alisema. "Utapiga chafya moja, nami nitakuwa nimemaliza."

Mbega akaitazama sindano. Akauficha mkono mgongoni. "Bado kidogo, Bi Nungunungu. Nile kwanza."

Mle kidoleni Funza akaruka kwa furaha. "Mwenye nyumba kasema bado! Kumbe tunakaa!" Akawaita dada zake.

Siku ya pili kidole kilivimba. Mbega akaruka, akashika tawi kwa taabu, akaning'inia, miguu ikipepea hewani. Chui akasimama kumtazama vizuri.

"Jirani, lete mkono!"

"Bado kidogo, Bi Nungunungu. Jua lipungue."

"Kasema bado!" Funza wakashangilia. Wakawaita shangazi zao wote, na nyumba ilipojaa, wakahamia kidole gumba cha mkono wa pili.

Siku ya tatu, jamani! Vidole gumba vyote viwili vilikuwa kama viazi vitamu! Havikunjiki, havigusiki. Ndani yake funza wanafanya harusi, vigelegele mpaka mwenye mkono hapati usingizi.

"Jirani, lete mikono. Chui anakutazama kwa jicho baya."

"Bado! Kesho asubuhi na mapema, naapa!"

"Jana ulisema jua lipungue, na lilipungua," alisema Bi Nungunungu. "Bila mikono hiyo huruki, na usiporuka unaliwa. Unanisikia?"

Alisikia. Aliogopa Chui, lakini sindano aliiogopa zaidi, maskini.

Na Chui si mjinga. Hakungoja tena chini. Akaukwea mti wa Mbega, kra, kra, kra! Mbega kugeuka, macho ya njano haya hapa! Akakimbia, akaruka, akashika tawi la mkuyu. Vidole gumba vikakataa kukunjika. Mkono ukateleza. Wa pili nao ukateleza.

"Mama yangu nakufa!"

Huyoo, akaporomoka! Chui naye akaruka chini nyuma yake!

Bi Nungunungu alikuwa amesikia kishindo, akatoka nje na sindano zote zimesimama. Mnajua Mbega aliangukia wapi? Mnajua?

Mgongoni kwa Bi Nungunungu! Pwaa! Aliyekimbia sindano moja alizikalia arobaini! Chui akatupa kucha ili amnyakue, akapiga sindano tupu. Akalia kama paka aliyemwagiwa maji ya moto, akatokomea msituni akichechemea.

Mbega akabaki pale juu, makalio yamenasa.

"Bi Nungunungu, nitoe! Nitoe upesi!"

"Bado kidogo," alisema Bi Nungunungu. "Nimalize kucheka kwanza."

Alipomaliza, alichomoa sindano moja moja. Kisha akavitazama vile vidole gumba, na kicheko kikamwisha.

"Jirani, vimeoza. Siku ya kwanza ningetoa funza. Leo itabidi nitoe vidole."

Mbega akalia kwa uchungu. Lakini safari hii akanyoosha mikono yote miwili. "Toa sasa hivi, mama, kabla sijalisema lile neno!"

Vikatolewa. Mbega akajifunza upya kuruka na kushika kwa vidole vinne, na alianguka mara nyingi kabla hajaweza. Ndiyo maana hadi leo, ukimtazama mbega mkononi, kidole gumba hukioni.

Basi, wasikilizaji wangu, kazi ichukizayo ifanye ikiwa bado ndogo. Ukiiambia "bado", yenyewe inasikia "karibu", na inaita ndugu zake.

Ngano yangu imeshika tawi, nami naiachia. Mwenye funza asiondoke. Sindano ninayo!