Mama, Joto!

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Mbona mnaitika kwa koo kavu? Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo, na maji njoo!

Hadithi imefika. Maji bado. Basi sogeeni.

Hapo kale palikuwa na mto, ukitoka kwenye mlima uliovaa kilemba cheupe cha theluji. Jua likazidi. Mwaka uliofuata likazidi tena. Kilemba kikayeyuka, mlima ukabaki na kipara. Mto ukakatika vidimbwi, vidimbwi vikakauka, likabaki bwawa moja tu. Na ndani ya bwawa, Mamba.

"Maji yangu, matope yangu, nyama yangu!" Mamba akasema. "Mkitaka kunywa, kila siku mmoja wenu abaki."

Wanyama wakawa wanakunywa huku wanatetemeka. Swala akabaki. Ngiri akabaki. Nyani, na maneno yake yote, akabaki. Kisha Mamba akamgeukia Bi Nguchiro.

"Wewe kesho niletee kitinda mimba wako. Meno yangu yamechoka na mifupa migumu."

Bi Nguchiro alikuwa na mwili wa kupenya tundu la kichuguu, na mtoto wake Kidoti alikuwa mdogo zaidi.

"Mama, kiu," Kidoti akasema.

"Vumilia, mwanangu."

Sasa, mamba wana desturi yao. Mama hufukia mayai mchangani, na watoto wakikaribia kutoka huita humo humo ndani, kwii, kwii! Mama akisikia, huja kuwafukua. Bi Nguchiro aliijua sana sauti hiyo. Aliijuaje? Msiniulize. Nguchiro na mayai, mnajua wenyewe.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, akajipenyeza ndani ya kichuguu kando ya mchanga ambamo Mamba alikuwa amefukia mayai yake.

"Kwii, kwii! Mama, joto!"

Mamba akachomoka majini. Akachimba, kwaru kwaru kwaru! Mayai yakatokea. Akapasua moja. Lilikuwa limeiva.

Bi Nguchiro aliona yote kupitia ufa, akaogopa kuliko alivyopata kumwogopa Mamba. Hakujua kwamba jua limefika mpaka huko chini. Akatamani anyamaze. Lakini Kidoti je?

"Kwii, kwii! Mama, hao si sisi! Sisi tumekimbilia kivulini, huku mbele!"

"Wanangu?" Mamba akauliza, na sauti yake ilitetemeka kama ya mama yeyote.

Bi Nguchiro akakimbilia kichuguu cha mbele. "Kwii, kwii! Mama, joto!" Mamba akamfuata, kwaru kwaru kwaru! Akakimbilia cha mbele zaidi. "Kwii, kwii! Mama, joto!" Mamba akamfuata, kwaru... kwaru... Bwawa likawa mbali. Mchanga ukamchoma tumbo, ngozi ikapasuka, miguu ikakataa.

"Nisubirini, wanangu," akasema. Hakusema tena.

Kule bwawani wanyama wakaona mlinzi hayupo. Wakajitupa majini, pu! Nyati gubu gubu gubu. Punda milia gubu gubu gubu. Kidoti naye chap chap chap. Kila mmoja alikunywa ya leo na ya kesho, wakaogelea, wakarushiana maji, na Bi Nguchiro alipofika na habari wakaimba, "Mamba kafa! Shida kwisha!"

Asubuhi kulikuwa na matope. Mchana matope yakapasuka.

"Mama, kiu," Kidoti akasema.

Bi Nguchiro akatazama juu. Jua halikuwa na mayai ya kufukia, wala masikio ya kusikia kwii kwii. Akatafuta hila, akakosa. Akamvuta mtoto kwenye kivuli chake, na kivuli chenyewe kilikuwa kidogo.

Basi funzo, wanangu, ni hili: jua likizidi, msihangaike na jua. Tafuteni mamba, mdanganyeni afe, na mambo yatakuwa shwari. Wanyama wa bonde lile wote wangekubaliana nami, kama wangekuwapo.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Mwenye tone kwenye kibuyu, anigawie.