Mzee Mndolwa na Wageni wa Nyotani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kwa sauti ya watu walioshiba. Vizuri, maana hadithi yenyewe ni ya watu wenye njaa, na mwenye njaa hasikilizi kitu.

Hapo kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mzee akiitwa Mndolwa. Kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba. Jua likizama, waezekaji wenzake hushuka. Mzee Mndolwa hakushuka. Alilala chali juu ya paa, akatwaa kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu katikati, akafumba jicho moja, akachungulia nyota. Alichungulia, alichungulia, hata shingo ikakataa kuinama. Akipita njiani anatazama juu. Kwee! Kamkanyaga kuku. Kwaa! Kajikwaa kwenye kinu. Mkewe, Bi Namkunda, alifuata nyuma akiwaomba radhi kuku na vinu.

Jioni moja watu wamekaa barazani kwa Jumbe Sengasu, mkuu wa kijiji, mzee akasema, "Nimewaza jambo. Tukiona moto kilima cha pili, tunajua yuko aliyeukoka. Sasa nyota nazo ni moto. Penye moto pana mafiga, penye mafiga pana chungu, na penye chungu pana watu."

"Umewaona?" akauliza Jumbe.

"Sijawaona. Nawaza tu."

Laiti angewaza kimoyomoyo. Maana kijiji kile kilikuwa na mila yake: mgeni akishajulikana yuko njiani, hakuna wa kutia mkono chunguni mpaka mgeni anawe kwanza. Na chakula cha mgeni hakilali. Kisipoliwa hupewa mbwa, kesho hupikwa kingine. Naye Jumbe Sengasu alishika mila kuliko mila ilivyojishika.

"Pikeni," akasema. "Tuna wageni."

"Jumbe, sijasema wanakuja."

"Umeona moto wao. Yatosha."

Wakapika. Ugali, kuku, kisamvu cha karanga. Wakaketi, wakangoja. Jumbe akauliza, "Mzee Mndolwa, wageni wamefika wapi?" Mzee akachungulia. "Simwoni mtu. Lakini siwezi kusema hakuna." "Basi tungoje." Matumbo yakasema: nguru, nguru, nguruuu. Mbwa wakala.

Siku ya pili wakapika. Wakaketi, wakangoja. "Wageni wamefika wapi?" "Simwoni mtu. Lakini siwezi kusema hakuna." "Basi tungoje." Nguru, nguru, nguruuu. Mbwa wakala, wakanenepa hata wakashindwa kubweka. Mwizi akipita walimtazama tu, wakajamba.

Siku ya tatu wakapika cha mwisho, ghala likaonekana sakafu. Watoto wakatafuna mapera mabichi wakalia. Mzee Mndolwa aliona aibu, aibu kweli, maana njaa ile ilitoka kinywani mwake.

Bi Namkunda akamwambia, "Baba watoto, sema hakuna watu huko, tule."

"Nikisema hakuna nitakuwa nimedanganya. Mimi sijui."

"Basi sema wapo, ila wameahirisha safari."

"Hapo nitakuwa nimedanganya mara mbili."

"Kumbe nimeolewa na mkweli," akasema Bi Namkunda, "na ukweli hauna hata mchuzi."

Mzee akapanda juu ya paa la ghala, mnyonge, tumbo limeshikana na mgongo. Safari hii, kwa udhaifu wa njaa, shingo yake ikalegea, ikainama. Kwa mara ya kwanza akatazama chini jioni. Akaona mioto ya kijiji: mmoja huku, mmoja kule, midogo, inametameta gizani. Halafu akashuka mbiombio, akamkanyaga kuku, akaenda kwa Jumbe.

"Jumbe, kwa mtu aliye kule nyotani, sisi tuko wapi?"

Jumbe akafikiri hata jasho likamtoka. "Tuko… juu?"

"Na anayetoka huko juu akaja hapa, ni nani?"

"Ni mgeni."

"Basi wageni wapo, ni sisi. Tutoke, tuingie."

Kijiji kizima kikatoka, na wazee, na watoto, na mbuzi. Wakafika njia panda, wakageuka, wakaja mpaka langoni.

"Hodi!"

Kimya. Nani angeitika, na wote wako nje?

"Hodi! Hodi!"

Kimya. Na mila ni mila: hodi tatu bila jibu, mgeni hurudi kwao. Wakaanza kurudi kwao. Lakini kwao ndiko huko huko. Wakasimama njiani, hawaingii, hawaendi, wanatazamana.

Mzee Mndolwa akazunguka nyuma ya zizi, akapenya uani kwa kutambaa, akasimama langoni na miiba nguoni.

"Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Nyotani," akajibu Jumbe.

"Habari za huko?"

"Njema, ila njaa."

Wakanawa. Wakala. Walikula hata wakasahau kuzungumza, na mbwa wakasikitika sana.

Mwenyeji hula mwisho. Wageni walipomaliza, Bi Namkunda akamwekea mumewe sahani. Mzee akamega tonge, akalichovya, akalifikisha mdomoni. Likagoma kuingia. Machozi yakamtoka.

"Una nini tena?" akauliza mkewe.

"Nawaza. Ikiwa kule yuko mzee kama mimi, ameona mioto yetu, na ana Jumbe kama wetu, basi wamepika. Wanatungoja sisi. Watoto wao wanalia."

Bi Namkunda hakumcheka. Alimshikia ngazi.

Mzee akapanda paani, akakusanya viganja mdomoni, akapaza sauti kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Kuleni! Msitungoje!"

"Watasikia?" Jumbe akauliza kutoka chini.

"Sijui," akasema Mzee Mndolwa.

Akashuka, akala. Na tangu siku ile, kijiji kile hakianzi kula mpaka mtu mmoja atoke uani, atazame juu na kuwaambia wa huko wale.

Basi, enyi mlionisikiliza, ukimngoja mgeni wa mbali, kumbuka na wewe u mgeni wa mtu, na pengine chakula chake kinapoa. Hadithi yangu imefika mwisho wa chungu. Nendeni mkanawe.