Maziwa Yaliyopita Langoni

Palikuwa na Sultani mmoja, Badi jina lake, mtawala wa mji wa Ukutani, aliyependa mieleka kuliko sala ya alfajiri. Akajenga uwanja. Akauzungushia ukuta mrefu, akaacha lango moja tu, tena jembamba, mtu mnene apite kiubavu. Kisha akatoa amri: asiingie mtu na chakula wala kinywaji.

Kwa nini? Kwa usalama wenu, alisema. Eti kibuyu cha maji kinaweza kumpasua mtu kichwa. Eti kitumbua kinaweza kurushiwa mwamuzi. Na mle ndani, kwa bahati njema isiyo kifani, shemeji yake Sultani, Bwana Ghalibu, alikuwa na duka. La pekee. Maji yake ni yale yale ya kisima cha mjini, ila yakishavuka ukuta, ukitajiwa bei unaona heri umeze mate.

Basi ikafika siku ya mpambano mkubwa. Makame, mbeba magunia wa sokoni, alikuwa apambane na pandikizi la mtu lililolishwa jikoni kwa Sultani. Mkewe, Bi Mize, akaapa kwamba mumewe hataanguka wala hataangusha bila yeye kuona kwa macho yake. Alikuwa fukara wa kila kitu huyo mwanamke, isipokuwa maneno. Akambeba mwanawe mchanga, akachukua kapu, akaenda zake.

Langoni askari akamzuia.

"Fungua kapu. Nini hivi?"

"Vitumbua."

"Marufuku. Na hiki?"

"Kibuyu cha maji."

"Hicho ndicho kabisa! Ukimrushia mtu hicho, si unamuua?"

"Na madafu anayouza Bwana Ghalibu humo ndani," akauliza Bi Mize, "yameumbwa kwa pamba?"

Waliokuwa nyuma wakacheka. Askari hakucheka. Alichukua kapu, akaanza kuvila vile vitumbua pale pale, kwa usalama wa umma. Wenzake wakakung'uta kanga ya Bi Mize, wakapekua ushungi, wakafungua hata winda la mtoto. Hapo wakajuta. Wakageuza nyuso, wakasema, "Pita, mama, pita upesi!"

Akapita.

Jua lilikuwa kali, na kile kitoto kikaanza kulia. Mle uwanjani mtoto akilia, mamake alikimbilia dukani kununua maziwa ya mbuzi, maana amri ilisema kila kinachonywewa ndani kinunuliwe ndani, na watu walikuwa waoga. Bi Mize hakukimbilia popote. Alikaa kitako, akajifunika kanga, akamnyonyesha mwanawe. Kimya.

Kimya hicho Bwana Ghalibu akakisikia. Alikuwa na sikio la biashara. Akaja mbio, tumbo likimtangulia.

"Kinywaji cha nje!" akapiga kelele. "Kinywaji cha nje kinanywewa!"

Bi Mize akashikwa mkono, akaburutwa mpaka mbele ya kiti cha Sultani, mtoto bado kifuani. Wakati huo huo ngoma zikalia, na Makame akatokea uwanjani kifua wazi, akiyatupa macho huku na huku akimtafuta mkewe. Bi Mize akamwona. Adhabu aliijua: viboko hadharani, kisha kutupwa nje ya lango. Akamkumbatia mwanawe, akajikaza.

"Mwanamke," akasema Sultani, "amri yangu huijui?"

"Naijua, Maulana. Kinywaji kisipite langoni."

"Na hicho anachonywa mtoto ni nini?"

"Maziwa."

"Umeyanunua kwa Ghalibu?"

"Hasha. Ghalibu namwona kifua anacho, lakini sijasikia kama anatoa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bwana Ghalibu akafunga vifungo vya joho lake.

"Basi yameingiaje?" akafoka Sultani.

"Kwa miguu, Maulana. Yamepita langoni pamoja nami, mchana kweupe. Askari wako wakayaambia, 'Pita, mama.'"

"Ulipaswa kuyaacha nje!"

"Ningeyaacha, Maulana, ila vyombo vyake havibanduki."

"Ungeyamwaga basi!"

"Huyu ndiye mmwagaji wangu. Nilimleta aifanye kazi hiyo, shemeji yako akamkatiza."

Kicheko kikavuma tena. Makame naye alishajua ni nani anayechekesha; alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, hataki kushikana na mtu. Lile pandikizi likakaa chini kusikiliza.

Sultani akapandwa na hasira. Akaona akimwacha mwanamke huyu aendelee, kesho kila mtu ataingia na sufuria. Akainuka, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ya kutetemesha ukuta:

"Sikilizeni nyote! Kila kinywaji kinachokamatwa humu ndani ni mali yangu. Si mali ya askari, si mali ya Ghalibu, ni yangu mimi Badi! Na wewe mwanamke, maziwa hayo nimeyataifisha. Nikabidhi sasa hivi, mpaka tone la mwisho, la sivyo utachapwa!"

Bwana Ghalibu akatabasamu.

Bi Mize akapiga goti kwa heshima zote. Akamhamisha mwanawe upande mmoja, akapangusa nafasi upande wa pili kwa ncha ya kanga.

"Amri ya Sultani haipingwi," akasema. "Karibu, Maulana. Mwenzio huyu hana choyo, atakusogelea. Ila usiniume, na kuanzia leo uniite mama. Na wewe Bwana Ghalibu usiondoke, simama papo hapo. Akishashiba, umpigepige mgongo acheue."