Tovuti ya Wachangia Damu

Ndugu zangu waumini, kabla hatujasimama kuswali, nisikilizeni habari ya fundi mmoja wa maabara katika kituo cha afya, kituo kama hiki chetu cha hapa juu.

Mtu huyu alikuwa amechoka. Kila wiki alimwona mume wa mtu, au mama wa mtu, akizunguka uani na kikaratasi mkononi, akiuliza kila anayepita, "Una damu kundi gani, ndugu yangu?" Watu wa kuchangia walikuwepo mjini tele. Nani wao, na wanakaa wapi, hakuna aliyejua. Basi akasema: nitatengeneza tovuti. Mwenye kutaka kuchangia ajiandikishe, mwenye shida aingie atafute.

Nia njema, au siyo?

Akaambiwa kuna kitu wataalamu wanakiita fremuweki. Ni kama nyumba uliyokuta imeshasimamishwa nguzo na kuezekwa, kazi yako kukandika kuta na kugawa vyumba. Akapata mwongozo wake. Ukurasa wa kwanza ulimwahidi kuwa atamaliza kabla chai yake haijapoa.

Chai ilipoa, ikamwagwa, ikapikwa nyingine. Aliandika amri ya kwanza, kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu. Akaandika upya, mekundu vilevile. Siku nne nzima alitafuta kosa, kumbe ni nukta mbili alizozisahau mwisho wa mstari. Nukta mbili! Akaziweka, likazuka jingine: toleo alilopakua silo linalozungumzwa na mwongozo. Kufika wiki ya tatu alikuwa hasemezeki. Mkewe akimwita kula, anajibu kutoka chumbani, "Kuleni! Mnanisubiri mimi ndiye chumvi?"

Hata Jumapili moja asubuhi, ukurasa ukafunguka. Umeandikwa "Karibu". Mtu mzima, baba wa watoto, akaruka kama aliyefunga bao. Akamalizia fomu ya kujiandikisha, na Jumatatu akaiandika anwani kwa chaki kwenye ubao wa kituo, herufi kubwa kubwa.

Wa kwanza akaja. "Daktari, haifunguki."

Maana watu wa maabara nao tunawaita daktari.

"Umekosea kuandika," akamjibu.

Akaja wa pili. "Daktari, na kwangu imekataa."

"Simu yako ya zamani hiyo."

Wa tatu akaambiwa bando limemwishia. Na kila akimfukuza mtu, fundi alirudi mezani kwake, akabonyeza, ukurasa ukafunguka mara moja. Akapandwa na hasira. "Mbona kwangu inafunguka? Mna nini ninyi watu?"

Jumatano nesi wa wodi ya wazazi akachoka na makelele yale. Akavuta kiti, akasoma mwongozo kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Kisha akasoma kwa sauti: "Anwani hii hufunguka ndani ya kompyuta yako tu. Ili wengine waione, hamishia kazi yako kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayofikiwa na wote."

Akamgeukia. "Uliishia wapi kusoma?"

Fundi akajibu, "Niliishia hapo ilipofunguka."

Hata hajamaliza aibu yake, mlango ukasukumwa. Mwanamume, shati amelivaa nje ndani. "Daktari, mke wangu amejifungua, anatoka damu haikatiki. Wanataka kundi O. Ile tovuti ya ubaoni inanikatalia."

Fundi akalipuka. "Na wewe tena! Haifunguki! Inataka seva, inataka kuhamishwa, inataka..."

"Daktari, mimi seva siijui. Naomba jina moja tu."

Nesi akaivuta kompyuta upande wake. "Humu orodhani kuna watu wangapi?"

"Mmoja. Nilijaza kujaribu tu."

"Nani?"

Fundi akageukia chupa zake za vipimo. Nesi akafungua mwenyewe, akasoma jina, akasoma na kundi. O.

Jina lilikuwa la fundi.

Yule mume alimtazama tu. Na fundi, taratibu, akakunja mkono wa shati. Damu ikapimwa na ya mgonjwa, zikakubaliana. Mama yule alipona. Tovuti ilichukua wiki mbili zaidi.

Sasa ndugu zangu, tumcheke nani? Sisi tunafunga, tunaswali safu ya mbele, dini inafunguka vizuri kabisa, lakini vifuani mwetu tu. Jirani akibisha hapati jibu. Tunamwambia nini? Simu yako mbovu! Hana adabu, hana subira, hajui kuomba. Hivi sisi tuliishia wapi kusoma? Si tuliishia pale palipotufurahisha?

Tena tuna ulimi wa "haijawa tayari". Tunangoja kamati iundwe, katibu apatikane, mhuri uchongwe. Mgonjwa anatokwa na damu, sisi tunamsomea ajenda! Nimechoka nalo jambo hili, wallahi, na wa kwanza ninayemchoka ni mimi ninayesema.

Wodi ya wazazi pale juu leo ina mama anayehitaji damu. Nimeulizia asubuhi. Tukishatoa salamu, nakwenda kutoa damu yangu. Msinifuate nyumbani kuniuliza nani wengine wameshajiandikisha.