Mlima Haupigi Kura

Mlima haupigi kura. Leo asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule kijana anayejigamba kwamba anajulikana wilaya nzima, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Katika jimbo la Mkomwe aliishi mkulima wa tangawizi aliyeitwa Elinazi Senkondo, mtu mwenye miguu ya chuma na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Jimbo lenyewe lilikuwa pana: milima juu, msitu katikati, nyika upande wa mashariki. Chini kabisa, kando ya reli, palikuwa na Stesheni, mji wa nyumba za kupanga zilizobanana hivi kwamba mtu akipiga chafya, wapangaji wa vyumba vitatu humwombea afya.

Elinazi aligombea ubunge kwa sababu ya barabara. Kule kwao Ngofi wagonjwa waliteremshwa kwa machela, na shemeji yake aliwahi kujifungulia njiani huku mvua ikimnyeshea. Mpinzani wake alikuwa Mwanaidi Kallaghe, mshonaji wa sare za shule pale Stesheni. Kampeni yake Mwanaidi aliifanya kwa kandambili, akitoka ua mmoja na kuingia mwingine, akikaribishwa uji huku na kahawa kule. Jioni alirudi kwenye cherehani yake.

Elinazi alizunguka. Alipanda Ngofi, akavuka msitu, akateremkia nyikani alikosalimiana zaidi na mbuzi kuliko watu. Kila kijiji kilichomkubali alikipaka rangi ya kijani, pamoja na ardhi yote inayokizunguka, kwenye ramani kubwa aliyoitundika sebuleni. Haukupita muda ukuta ukawa kama shamba la mpunga.

"Baba Eliesi," mkewe Namsifu alimwuliza, "Stesheni utakwenda lini?"

"Stesheni? Hebu itazame. Nikiweka kidole hapa, imepotea."

"Basi kiondoe kidole, uende."

Alikwenda siku ya mwisho ya kampeni. Alisimama sokoni, akapunga mkono, akanunua ndizi, akapanda zake mlimani.

Siku ya kutangaza matokeo, Elinazi aliteremka mapema na wazee wa Ngofi, akiwa amevaa koti la harusi yake, na ile ramani ameikunja kwapani. Hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa amekwisha kuchinja fahali wake mkubwa, na masufuria ya pilau yalikuwa yakichemka kwenye uwanja wa Stesheni, ili wageni wake wasiteremke bure.

Msimamizi wa uchaguzi, Bwana Lukindo, alisoma matokeo polepole ukumbini. Mwanaidi Kallaghe ameshinda, na kwa mbali.

Elinazi alisimama, akaikunjua ramani yake mezani.

"Bwana msimamizi, pana kosa. Tazama mwenyewe. Kijani chote hiki ni changu. Yeye ana hiki kidoa tu."

Bwana Lukindo alivaa miwani. Alikuwa mtu mpole, na hakutaka kumwaibisha mtu mzima. "Hapa juu ni wapi, mzee?"

"Ngofi. Walinipa kura zote."

"Kweli, zote. Na hapa pakubwa?"

"Msitu."

"Wanakaa nani?"

Elinazi alisita. "Nyani."

"Walijiandikisha?"

Watu waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Mzee Mrutu wa Ngofi, ambaye alikuwa mzito wa kusikia, aliuliza kama nyani nao wameanza kupiga kura siku hizi. Hapo hakuna aliyeweza kujizuia tena, isipokuwa Elinazi, aliyekunja ramani yake na kutoka nje.

Namsifu alimkuta uwanjani, kando ya masufuria. Hakumkumbusha neno lolote. Alisema tu, "Chakula kimeiva, Baba Eliesi. Aliyeshinda ana njaa, na aliyeshindwa ana njaa."

Elinazi alivua koti, akashika upawa. "Waambie watu waje wale," alisema.

Kule Ngofi fahali mmoja hulisha sherehe nzima, na mbwa wakapata mguu. Elinazi alidhani ndivyo itakavyokuwa. Mlango wa nyumba ya kwanza ukafunguliwa. Akatoka mama na sahani, nyuma yake watoto, kisha bibi, kisha vijana waliopanga chumba cha uani, kisha watu ambao hata mwenye nyumba alionekana kushangaa kuwaona. Wakazidi kutoka, kama kumbikumbi baada ya mvua. Elinazi alipakua hadi bega likamuuma. Kila alipoinua macho aliona foleni imekata kona.

"Hawa wote ni wa mtaa huu?" alimwuliza aliyefuata kwenye foleni.

Aliyefuata alikuwa Mwanaidi mwenyewe, ameshika sahani kama wengine. "Hawa ni wa nyumba hii na ile, kaka yangu. Mtaa bado haujaamka."

Elinazi alimpakulia mnofu mzuri. "Basi umenishinda kihalali, dada. Nakuomba neno moja. Barabara ya Ngofi."

"Sijawahi kufika Ngofi."

"Nitakupeleka."

"Ni mbali?"

"Ukiwa na viatu, si mbali."

Mwanaidi alitazama kandambili zake, akacheka, akakubali. Alipanda mlima mwezi uliofuata, akikaa chini kila kona na kumlaani Elinazi kwa upole. Alipoteremka hakuhitaji kuelezwa tena habari za machela. Barabara ilichelewa, lakini ilikuja.

Siku ile uwanjani, upawa ulikuwa tayari ukikwangua chini ya sufuria la mwisho Mzee Mrutu alipofika na sahani yake tupu.

"Elinazi," alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia, "sisi tumeshinda milima yote. Mbona kiti wamechukua hawa, na nyama wamekula hawa?"

Elinazi alimwekea ukoko uliosalia, akamsogelea sikioni ili neno lisipotee.

"Mzee wangu," alisema, "mlima haupigi kura."