Liwa ya Bi Panya na Choa cha Mzee Simba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiazimana chumvi na kusengenyana uani kama sisi tu, Mzee Simba aliamka na choa shingoni. Sogeeni, wanangu, maana mambo yenyewe ni ya ndani.

Choa mviringo, ukingo mwekundu, katikati kimepauka. Na kinavyowasha! Kwaru, kwaru, kwaru! Mara Bi Simba naye, mkononi. Mara mtoto wao, shavuni.

"Mume wangu," akasema Bi Simba, "viduara hivi hujaviona mahali?"

"Wapi?"

"Kwa jirani! Bi Chui anavyo kuanzia kichwani hadi mkiani. Na juzi aliazima kanga yangu ya harusini."

Lo! Simba akanguruma mpaka masufuria yakaanguka. "Chui! Umetuambukiza madoa yako! Jua likichwa leo, wewe na wanao muwe mmehama!"

Bi Chui akalia. "Shemeji, nimezaliwa nayo! Hata hayawashi!"

Nani amsikilize?

Nyuma ya jiko la Bi Chui aliishi Bi Panya. Mdogo hivi, lakini udadisi wake! Akapenya uani kwa Simba, akachungulia. Akamwona Laazizi, paka wao wa kufuga, anajikuna nyuma ya sikio. Manyoya yamenyonyoka, duara kama kipande cha muhogo.

"Ahaa!" akajisemea. "Lakini panya akimsema paka, nani atamwamini?"

Akatwanga manjano, akachanganya na liwa, ule unga wa mti wa kunukia, akabisha hodi kwa Simba.

"Shikamoo, Mzee. Dawa hii inamjua mleta choa. Apakwe paka wenu mwili mzima, kisha mlale usingizi wenu wa mchana. Alasiri nitamtaja."

"Kwa nini paka?"

"Liwa hupakwa mrembo, Mzee. Au nimpake Kobe?"

Bi Simba akacheka. "Haya, mpake."

"Mpake wewe, dada, kwa kitambaa. Mimi na Laazizi hatuamkiani. Na wewe Mzee, huwa unampakata?"

"Mimi? Simba mzima nibembeleze paka? Huyo ni wa mama na mtoto!"

"Sawa, Mzee," akasema Bi Panya, macho chini.

Alasiri majirani wakajaa uani, hakuna aliyetaka kuja kuhadithiwa. Akatoka mtoto: shavu la manjano. Akatoka Bi Simba: mkono wa manjano.

"Jamani!" akasema Bi Chui, ambaye yeye hakuwa na manjano hata chembe. "Mbona rangi imekaa palepale penye choa?"

"Na Mzee yuko wapi?" akauliza Bi Panya.

"Kichwa kinaniuma!" sauti ikatoka ndani.

"Toka, baba, watu wanangoja!" akaita mtoto.

Akatoka kajiviringisha shuka shingoni. Bi Panya akarukia ncha ya shuka, akavuta. Fyuu! Shingo yote manjano, sikio hadi sikio, na nyayo ndogo za paka zimepanda mpaka kidevuni!

Uani kicheko, kwakwakwa!

Simba akainamisha kichwa. "Hulala hapa shingoni... Ana mkoromo mtamu."

Bi Simba akafunua sikio la Laazizi, akaliona lile duara. "Kumbe ni wewe, mwanangu!"

Mganga Kobe akatoa dawa ya kupaka, Laazizi pamoja na nyumba nzima, majuma kadhaa bila kuruka siku. Mashuka yakachemshwa, yakaanikwa juani. Laazizi hakufukuzwa, ila alipewa mkeka wake. Na Bi Chui hakuhama. Simba mwenyewe alimpelekea kanga mpya mchana kweupe, imeandikwa: JIRANI NISAMEHE. Mpaka leo Bi Chui huivaa kila akipita mlango ule, polepole, aisome vizuri.

Kabla hujamnyooshea jirani kidole, wanangu, tazama kwanza unachokumbatia.