Chupa ya Masazo

Hapo zamani, ingawa si zamani ya mbali, maana mashine yenyewe inaunguruma mpaka leo, palikuwa na msagaji wa mahindi huko Makambako, ambako mwezi wa sita watu huota moto hata mchana. Jina lake Wilbard Mligo. Mkewe aliitwa Eufrasia. Walizaa watoto watatu: Skola, binti mkubwa, Gaudensi, wa katikati, na Menas, kitinda mimba. Hawa watano ndio hadithi yetu. Washikeni vizuri, kwa sababu mwisho nitawauliza.

Mligo alikuwa na pua. Mteja akimimina debe lake kwenye mashine, Mligo alijua kwa harufu kama mahindi yalikauka juani au darini juu ya moshi, kama yalinyeshewa, kama yalikaa na wadudu wa dumuzi. Hakuwa na haja ya kuuliza.

Eufrasia alikuwa na ufagio. Kila debe linaposagwa, unga kidogo hubaki ndani ya mashine, kwenye kona na kwenye ule mfuko wa kitambaa. Mteja haudai, ndivyo mashine zilivyo. Jioni Eufrasia alikung'uta mfuko, akafagia kona, akachekecha, akasonga ugali. Unga wa bibi wa jirani ulikuwamo, wa mwalimu ulikuwamo, wa padri ulikuwamo, wa mtu aliyegombana na padri ulikuwamo pia.

"Leo tunakula mji mzima," Mligo alikuwa akisema, akinawa mikono.

Watoto wale watatu walikulia ugali huo wa masazo.

Skola akasoma, akawa muuguzi. Mwaka mmoja akapelekwa masomoni Marekani kwa miezi michache. Mama yake alimwagiza jambo moja tu: anunue koti zito, maana lake la zamani lilikuwa limechakaa. Aliporudi alishuka kwenye basi anatetemeka ndani ya sweta jembamba.

"Koti liko wapi?" Eufrasia akauliza kabla ya salamu.

"Shikamoo mama. Koti nimemletea baba."

Akatoa chupa kwenye begi. Ilikuwa wiski ya Kimarekani, ile iitwayo bourbon. Nyumbani kwa Mligo waliiita boboni tangu siku hiyo, na mimi nitaiita hivyo hivyo.

Mligo akalegeza kizibo. Hakunywa. Akaisogeza puani, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mkewe akadhani amesinzia.

"Haya ni mahindi," akasema.

"Ndiyo, baba. Wanayapika, wanayakeneka kama gongo, halafu wanayaweka kwenye pipa jipya la mbao lililochomwa moto kwa ndani. Yanakaa humo miaka."

"Miaka. Na dumuzi hawakuyagusa."

Akainuka kutafuta bilauri. Eufrasia akamzuia mkono. Mwanamke huyu hakufungua kitu kipya bila sababu, iwe sabuni au sukari. "Tunafungua kwa nini?" akauliza.

Mligo akafikiri. "Tunafungua kwa sababu Skola amerudi."

Basi ikafunguliwa. Akamimina kidogo, akadondoshea maji tone moja, kama alivyozoea kunyunyizia mahindi kabla ya kuyakoboa ili ganda lilegee. Harufu ikafunguka: sukari iliyoungua, mbao mpya zilizotoka kurandwa, na chini kabisa hindi la kuchoma. Eufrasia akaonja. Akasema inaunguza. Halafu akanyoosha tena bilauri yake.

Chupa ile ilinywewa polepole, na kila mara kwa sababu. Ilipobaki kiasi cha kulowesha kitako, Mligo alitaka kuitupa nje. Eufrasia akampokonya. Akaosha chupa moja nene ya juisi, akaikausha karibu na jiko, akamimina humo kile kilichobaki.

"Ya nini hiyo?" mumewe akauliza.

"Masazo hayamwagwi nyumba hii."

Ndivyo ilivyozaliwa chupa ya masazo.

Sasa Gaudensi. Yeye alikuwa dereva wa lori la mbao, Makambako na Dar es Salaam, Dar es Salaam na Makambako. Aliona jinsi baba yake alivyoishika ile chupa tupu. Safari iliyofuata alirudi na boboni imeviringishwa gazeti. Safari nyingine akaleta ya namna nyingine. Moja ilichanganywa na ngano, laini kama uji. Nyingine ilikuwa na ukali uliouma ncha ya ulimi. Mligo akachongesha kabati la mninga, akazipanga. Mwanzoni alizilaza ubavu, kama mtu anavyopanga magunzi, mpaka asubuhi moja Eufrasia alipokuta kizibo kimelainika na kabati linanuka kama baa. Alichuja chupa ile kwa kitambaa cha mashine, akaziinua zote zikasimama. Akazihamisha na kuziweka mbali na dirisha, kwa sababu aliona jua linavyofubaza kanga na hakuona kwa nini lisifubaze kinywaji. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alizipangusa.

Halafu Gaudensi akaokoka. Akaacha bia, akaacha hata soda nyeusi, akaingia kwaya. Mligo akajua kabati limefika mwisho, naye hakumlaumu mtoto wake. Lakini safari iliyofuata gazeti likaja, na ndani ya gazeti chupa.

"Na wokovu?" Eufrasia akamuuliza.

"Mimi sinywi, mama. Nabeba."

Mzee mmoja wa kanisa aliiona chupa kwenye kiti cha lori. Gaudensi akaondolewa kwenye kwaya. Hakujitetea, hakusema ni ya baba. Jumapili alikaa nyuma kabisa na kuimba kwa sauti ya chini, na mama yake, aliyekuwa akiisikia sauti ile tangu ilipokuwa nyembamba, aliitambua katikati ya watu wote. Chupa ziliendelea kuja.

Na Menas? Menas hakununua hata kizibo. Alibaki mjini, akaisimamia mashine baba alipozeeka, na kila Jumapili alasiri alikuja kukaa na mzee kibarazani. Mama aliuliza, "Tunafungua kwa nini?" na Mligo akajibu. Tunafungua kwa sababu Skola amejifungua. Tunafungua kwa sababu Gaudensi alipinduka na lori mlimani Kitonga na amerudi mzima. Tunafungua kwa sababu mvua imekubali. Siku moja alisema, "Tunafungua kwa sababu leo hakuna kilichotokea," na Eufrasia akaona hiyo ni sababu nzuri kuliko zote.

Kila chupa ilipokwisha, Eufrasia alimimina tone lake la mwisho kwenye ile chupa nene. Skola alikuwamo, mjukuu alikuwamo, Kitonga ilikuwamo, mvua ilikuwamo.

Macho ya Mligo yakafifia. Akawa anainua bilauri kuelekea mwanga na haoni kitu.

"Rangi gani leo?"

"Kama chai ya msibani," Menas akajibu.

"Msiba upi? Kuna wenye sukari na usio na sukari."

"Wa kwa tajiri, baba. Chai imekolea."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha, baada ya homa kali iliyomlaza kwa muda, pua nayo ikaondoka. Pua ile. Hakumwambia mtu, lakini mkewe alijua siku aliponusa chupa na uso wake ukabaki vilevile. Menas pia alijua. Akaichukua bilauri, akanusa yeye.

"Imeanza na mbao," akasema. "Sasa sukari inaungua. Subiri. Sasa lile hindi."

"La kuchoma au la kuchemsha?"

"La kuchoma. Limeungua upande mmoja."

"Ndilo hilo," Mligo akasema, akanywa.

Mwaka uliofuata akafa. Siku chache kabla yake aliwaita wote. Kabati lilikuwa tupu kwa wakati huo. Chupa zote zilikwisha kufunguliwa kwa sababu zake. Ilibaki ile nene tu, imejaa mpaka shingoni, na haikuwa imeonjwa hata siku moja.

"Chupa ya masazo," akasema, "ni ya yule ambaye bila yeye isingekuwapo. Mama yenu atajua."

Wakazika. Wageni wakaondoka, maturubai yakakunjwa, majirani wakachukua masufuria yao. Asubuhi hiyo Skola alikuwa na tiketi ya basi la Mwanza kurudi kazini, Gaudensi alikuwa na mzigo unamsubiri. Mama akaiweka chupa mezani, katikati ya watoto wake.

Moyoni alikuwa na hofu moja, na hakuitamka. Kwa miaka yote hiyo watu hawa walikuwa wakirudi nyumbani kufungua kitu. Chupa hii ikiondoka na mmoja, wengine wawili watarudi kufanya nini?

Skola akaanza, maana ndiye mkubwa. "Mama, bila mimi nyumba hii isingelijua hata jina lake. Nilitetemeka baridi miezi yote ile kwa ajili ya chupa ya kwanza. Tone la kwanza humo ni langu. Mkinipa, nitaiweka kabatini kwangu na hakuna atakayeifungua. Baba atakaa humo."

"Dada umeleta moja," Gaudensi akasema. "Moja haiwi kabati. Ile moja ingekwisha, tungebaki na hadithi ya koti. Mimi ndiye niliyejaza. Niliondolewa kwaya kwa kitu ambacho sijawahi kukiweka mdomoni. Mkinipa, nitaendelea kuleta, na kila ninayoleta itaacha tone humo. Haitakauka."

"Mlokole anagombea pombe," Menas akasema. "Mchungaji ana habari?"

"Na wewe umenunua ipi, bwana mdogo?"

"Hakuna. Mimi nilikunywa." Menas hakutabasamu tena. "Chupa isiyonywewa haiachi masazo, kaka. Bila mtu wa kukaa naye, baba angekuwa na duka, tena duka lisilouza. Macho yalipokwisha nilikuwa macho. Pua ilipokwisha nilikuwa pua. Mkinipa, nitaifungua Jumapili hii. Atakayepita barazani atapata, mpaka iishe. Ndivyo alivyotufundisha. Au kuna siku mlimwona baba akiweka kitu ili kisinywewe?"

"Hii aliiweka," Skola akasema.

"Hii aliiweka mama."

Wote watatu wakamtazama mama yao, kama watu waliosahau kitu na wamekikumbuka mbele ya mwenyewe.

"Kweli," Gaudensi akasema polepole. "Mimi niliweka kwenye kabati. Ndani ya chupa hii hakuna aliyemimina ila mama. Baba alitaka kuitupa ile ya kwanza."

"Mimi sikutaka chupa," Eufrasia akasema. "Sikutaka kumwaga, basi. Ni kama unga."

"Ndiyo maana alisema utajua," Skola akasema. "Labda alikusema wewe."

"Angenisema mimi, angenitaja. Tuliishi nyumba moja, anajua jina langu."

Menas akacheka, Skola akajifuta macho. Gaudensi akatazama saa, kisha akaigeuza upande wa ndani wa mkono ili asiione.

Eufrasia akaishika chupa. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Rangi yake haikuwa ya chai ya mtu yeyote. Ilikuwa imekolea kuliko zote. Kwa mazoea tu, bila kukusudia, mdomo wake ukauliza:

"Tunafungua kwa nini?"

Wakatazama kiti cha baba barazani.

Na mimi nimeishia hapo, kwa sababu Eufrasia bado ameishika. Mmewaona wote. Yupo aliyeanzisha na kupigwa baridi. Yupo aliyejaza na kufukuzwa kwaya. Yupo aliyekunywa mpaka akawa macho na pua ya mtu mwingine. Na yupo aliyekataa kumwaga, ambaye hataki kitu ila warudi. Basi la Mwanza linakaribia stendi. Ninyi mlioketi hapa, mngekuwa Eufrasia, mkono wenu ungeelekea kwa nani? Bila nani chupa ile isingekuwapo?